Imeisha, lakini imeisha kwa nani? Faili za FBI na historia ya neno moja

Leo nataka tuongee juu ya neno moja lenye tunasema kila siku bila kulipima: "imeisha".

Miaka michache nyuma, wakati nilikuwa ku staji na wenzangu wawili, tulitengeneza programu ya kupokea minervale kwa shule moja ya hapa kwetu. Tulifanya kazi miezi mitatu. Siku ya kuonyesha, prefe alikuwa pale, ekonome alikuwa pale. Tulibonyeza, karatasi ya malipo ikatoka kwa printa, watu wakapiga makofi. Tukaandika kwa ripoti: kazi imeisha. Kiisha Septemba ikafika. Wazazi walipanga mstari kuanzia asubuhi mapema, wapokeaji watatu wakafungua programu kwa wakati mmoja, na kabla ya saa sita tulikuwa na wanafunzi wawili wenye walipewa namba moja ya malipo. Umeme ukakatika, malipo kumi na kitu yakapotea. Ekonome hakumtukana mtu. Alifungua kabati, akatoa daftari lake la zamani na kalamu ya bleu, akaendelea na kazi.

Nilifikiri hii ni aibu ya watoto wa staji, watu wenye hawana uzoefu. Kumbe shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lenye pesa ya kununua kila kitu, lilipita njia ile ile. Lilipita mara mbili, na mara ya tatu lilikaribia. Historia yake iko wazi, juu ya Inspekta Mkuu wa Wizara ya Sheria ya kule aliandika ripoti baada ya ripoti. Kwa mtu mwenye anasoma informatike, ripoti zile zina mafundisho kuliko kozi nyingi zenye tulikariri kwa ajili ya mtihani.

Tuanze na mwaka 2001. Wakati ule wapelelezi wa FBI walikuwa bado wanafanya kazi na karatasi. Mtu anahojiwa, mpelelezi anajaza fomu, mkubwa wake anatia sahihi kwa mkono, fomu inaingia ndani ya kabati. Programu ilikuwako, ile ya miaka ya 1990, lakini ilikuwa ya shida, na watu wengi waliikimbia. Tarehe 10 Julai 2001, mpelelezi mmoja wa Phoenix alituma barua ya ndani akisema kwamba kuna watu wa kutiliwa mashaka wenye wanasoma kurusha ndege kwa shule za Arizona. Iliandikiwa wakubwa fulani wa makao makuu. Tume yenye ilichunguza mashambulizi ya tarehe 11 Septemba ilikuta kwamba wakubwa wale hawakuiona barua ile mpaka mashambulizi yalipokwisha kutokea. Siwezi kusema kwamba programu nzuri ingezuia mambo yale, hakuna mtu anaweza kusema vile. Lakini unaelewa juu ya nini, kuanzia siku ile, kila mtu Washington alitaka faili za FBI ziingie ndani ya ordinatere, tena haraka.

Kontra ilikuwa imekwisha kutolewa tangu Juni 2001, kwa kampuni ya SAIC. Programu ikapewa jina Virtual Case File, ni kusema faili la kesi lenye liko ndani ya mashine. Mahitaji yaliandikwa kwa kitabu cha kurasa zaidi ya 800. Kurasa 800! Mimi TFC yangu ilikuwa na kurasa 70 na hata direkteri hakuisoma yote. Na wakati wanaandika kodi ya programu, FBI yenyewe ilikuwa inabadilisha mawazo: ongezeni hii, toeni ile, fomu hii iwe hivi. Kampuni inajibu sawa, inaendelea mbele.

Desemba 2003 SAIC ikaleta programu. Ikasema: imeisha. FBI ikaangalia, ikasema: haijaisha, kuna makosa 17 makubwa. SAIC ikajibu kwamba mengi haiko makosa, ni vitu vyenye FBI iliomba baadaye. Nyinyi mlikubali, hapana nyinyi mliandika vibaya, hapana sisi tulisema kwa mdomo. Kila mtu mwenye alipata kujengesha nyumba na fundi wa mtaani anajua mazungumzo yale.

Wakaita mwamuzi. Na hapa njo nilisimama kusoma kidogo, nikawaza. Mwamuzi akachambua mambo 59 yenye walikuwa wanabishania. Akasema 40 ni makosa ya SAIC, na 19 ni ya FBI yenyewe, juu ya ilibadilisha mahitaji. Fikirini: watu wa akili, wenye diploma kubwa kubwa, waliketi kwa mwaka 2004 kuhesabu moja moja vitu vyenye vinafanya kazi iwe "imeisha" ao "haijaisha", wakati mistari karibu 700,000 ya kodi ilikuwa imekwisha kuandikwa. Hesabu ile ilipaswa kufanywa siku ya kwanza, mbele mtu yeyote hajafungua ordinatere.

Mwaka 2005 FBI iliacha programu ile. Mkurugenzi Robert Mueller alienda mbele ya maseneta kueleza. Dola milioni 170 zilikuwa zimeenda. Kwa Kiswahili chetu "kwisha" iko na maana mbili: kazi inaisha, na mtu pia anaweza kuwa ameisha. Virtual Case File iliisha kwa maana ya pili.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo, juu ya mwaka ule ule wa 2001 kulikuwa jambo lingine, mbali kabisa na FBI. Mwezi wa Februari, watu 17 wenye kuandika programu walikutana Snowbird, kwa milima ya Utah, wakaandika maneno machache yenye leo tunaita Manifesto ya Ajile. Kati ya kanuni zenye walifuatisha, moja inasema kwamba kipimo cha kwanza cha maendeleo ni programu yenye inafanya kazi. Haiko ripoti, haiko mchoro, haiko asilimia. Watu wengi wanakumbuka manifesto ile kama ruhusa ya kuacha kuandika nyaraka. Kwangu mimi uzito wake uko hapa: ilihamisha swali. Zamani waliuliza "tumefika wapi kwa mpango?", sasa wanauliza "kuna kitu gani chenye mtu anaweza kutumia leo?"

Ile ya asilimia haiko mchezo. Tom Cargill, mtu wa Bell Labs, anajulikana kwa mzaha wake kwamba asilimia 90 za kwanza za kodi zinakula asilimia 90 za wakati, na asilimia 10 zenye zinabakia zinakula asilimia 90 zingine. Ukisikia mtu wa informatike anakuambia "iko mwisho-mwisho", uliza kwanza anahesabu kutoka wapi.

Mawazo ya kusimamisha kazi mbovu mbele haijaenda mbali ni ya zamani kuliko ordinatere. Mwaka 1924, Sakichi Toyoda wa Japani alikamilisha mashine ya kufuma nguo yenye inasimama yenyewe uzi ukikatika. Kwa mashine zenye hazisimami zenyewe, uzi ulikatika na mashine iliendelea kufuma kitambaa kibovu mpaka mtu aone. Familia ile ile ikaanzisha Toyota ya magari, na kwa viwanda vyake mfanyakazi wa kawaida alipewa ruhusa ya kuvuta kamba na kusimamisha mstari akiona kosa. Jeff Sutherland na Ken Schwaber, wenye walionyesha njia ya Skrumu kwa mkutano wa Austin mwaka 1995, walikunywa maji ya kisima kile cha Japani. Kwa Skrumu kazi inakatwa vipande vya muda mfupi, vinaitwa sprinti, na kila mwisho wa sprinti kunapaswa kuwa kitu chenye kinaweza kutolewa kwa watu.

"Kinaweza kutolewa" lakini kwa kipimo gani? Pale njo lilizaliwa lile jambo lenye kwa lugha yetu ningeliita Maana ya Imeisha. Ni orodha fupi yenye kikundi kinakubaliana mbele ya kuanza, na inafaa kwa kila kipande cha kazi bila ubaguzi: kodi imesomwa na mtu mwingine, majaribio yamepita, imeunganishwa na programu nzima na haijaharibu kitu chenye kilikuwa kinatembea, imewekwa kwa mashine yenye inafanana na ile ya mtumiaji, maelezo yameandikwa. Isichanganywe na masharti ya kipande kimoja. Kwa programu yetu ya minervale, "mzazi akilipa nusu, deni lionekane" ni sharti la kipande kile tu. "Hakuna kitu kinaitwa kimeisha mbele ya kujaribiwa na wapokeaji watatu kwa wakati mmoja" ni Maana ya Imeisha, inahusu yote. Sisi tulikuwa na masharti mengi sana. Ile ya pili hatukuwa nayo hata mstari mmoja.

Mwongozo wa Skrumu, wenye Schwaber na Sutherland walitoa mara ya kwanza mwaka 2010, ulikuwa na jambo hili, na toleo la 2020 likalikaza zaidi: kipande chenye hakijafikia kipimo hakitolewi, hakionyeshwi hata kwa mkutano wa kuonyesha kazi. Kinarudi kwa orodha ya kazi zenye zinangoja. Turudi sasa kwa FBI, mtaona juu ya nini ukali ule haiko wa bure.

Machi 2006 FBI ilianza tena. Jina jipya, Sentinel. Kampuni mpya, Lockheed Martin. Bajeti ikafika dola milioni 451, awamu nne, na mwisho ulipangwa Desemba 2009. Safari hii walisema tumejifunza. Mahitaji yalikuwa safi zaidi na uangalizi ulikuwa mkali zaidi. Awamu ya kwanza ilitoka 2007. Ya pili ikaanza kukokota miguu.

Desemba 2009, FBI ilipokea sehemu ya mwisho ya awamu ya pili "kwa masharti". Ni kusema: tunajua iko na makosa, lakini tunaikubali, mtarekebisha mbele kwa mbele. Mimi naona hapa njo palikuwa kosa kubwa kuliko lile la 2003. Mwaka 2003 watu walibishana juu ya neno, na ugomvi ule angalau ulionyesha kwamba kuna shida. Mwaka 2009 walikubaliana kutumia neno "imeisha" kwa kitu chenye wote wawili walijua hakijaisha. Sisi pia tunafanya vile: juri inampa mwanafunzi distinksio kwa programu yenye haitembei, juu ya muda umefika na kila mtu anataka kwenda nyumbani.

Miezi mitatu tu baadaye, Machi 2010, FBI ilirudisha nyuma ukubali ule na kusimamisha sehemu ya kazi. Julai ikasimamisha yote. Ripoti ya Inspekta Mkuu ya Oktoba 2010 inaumiza kusoma. Kufika Agosti, dola milioni 405 kati ya 451 zilikuwa zimetumika, na awamu mbili tu kati ya nne ndizo zilifika kwa watumiaji. Programu iliweza kushughulikia fomu 4 kati ya 18. Na fomu zile nne zenyewe, sikieni vizuri: mpelelezi alijaza fomu kwa ordinatere, kiisha alipaswa kuichapa kwa karatasi, kutafuta sahihi ya mkubwa wake kwa mkono, na kuiweka kwa kabati. Kabati lile lile! Milioni 405, na karatasi iko palepale. Nilipofika kwa mstari ule nilimkumbuka ekonome wetu na daftari lake.

Wataalamu wenye FBI iliwaita kupima walisema ili kumaliza kwa njia ile ile ingehitaji dola milioni 351 zingine angalau, na miaka sita.

FBI ikachukua kazi mikononi mwake yenyewe. Watu wa kampuni walipunguzwa kutoka karibu 220 mpaka karibu 40, na wafanyakazi wa FBI ndani ya mradi kutoka 30 mpaka 12. Mahitaji yote yakaandikwa upya kama hadithi fupi za mtumiaji, 670 kwa jumla: "kama mpelelezi, nataka kutuma fomu hii kwa mkubwa wangu." Wakafanya kazi kwa sprinti za majuma mawili, na kila mwisho wa sprinti walionyesha kitu chenye kinatembea. Na kitu kikikataa kutembea, hakikuhesabiwa. Sutherland alifungua kitabu chake cha 2014 juu ya Skrumu na hadithi hii, na unaelewa: watu wachache, pesa yenye ilibakia chini ya milioni 50, na kazi yenye ilikwama miaka mitano ikaanza kutembea. Watu wa Skrumu wanapenda sana kuimba wimbo huu.

Lakini kuna sehemu yenye wimbo unapita haraka, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Walipanga kumaliza Septemba 2011. Hadithi zilikuwa zinafungwa moja moja, na kila sprinti ilionyesha maendeleo. Oktoba 2011 wakafanya jaribio kubwa: watu zaidi ya 700 wakatumia Sentinel kwa pamoja. Programu ikaanguka mara mbili siku ile. Ilionekana kwamba mashine zenye zilibeba programu hazina nguvu ya kutosha kwa watu wengi vile, zilipaswa kuongezwa na kubadilishwa. Tarehe ikasogezwa mpaka 2012.

Unaona? Kila kipande kilikuwa "kimeisha". Hakuna mtu alidanganya. Kwa kipimo chenye walikuwa nacho, vipande vilipita kweli. Lakini kipimo hakikuwa na mstari wenye unasema: watu mia saba kwa mara moja, juu ya mashine zenyewe zenye tutatumia. Jaribio lile lilikuja mwisho, kama mtihani wa serikali, wakati lilipaswa kuja kidogo kidogo tangu mwanzo. Wapokeaji wetu watatu ni watu mia saba wa FBI. Tofauti ni kwamba wao waligundua kwa siku ya jaribio, sisi tuligundua mbele ya wazazi wenye walikuwa wameshika pesa mkononi.

Juu ya vile sikubaliane na wenye wanasema Maana ya Imeisha ni karatasi ya kubandika kwa ukuta mara moja na kusahau. Ya Sentinel ilibidi ikue. Na iko na bei, tusidanganyane. Kikundi chenye kinaongeza mstari mmoja kwa orodha kinapunguza vitu vyenye kitaonyesha mwisho wa juma la pili. Mkubwa mwenye anataka kuona vitu vingi hatafurahi. Kijana wa staji mwenye anatafuta kuajiriwa ataogopa kusema "hii haijaisha" wakati mwenzake wa pembeni anasema yake imeisha. Nimeona watu wenye waliandika orodha ya mistari ishirini, nzuri kabisa, na baada ya mwezi walikuwa wanaweka alama bila kuangalia. Afadhali mistari mitano yenye mnaheshimu.

Sentinel ilifunguliwa kwa FBI yote tarehe 1 Julai 2012, na kwa hesabu ya Inspekta ilibakia ndani ya ile bajeti ya milioni 451. Mwaka 2014 Inspekta akarudi kuuliza watumiaji. Wengi walisema inawasaidia kazi. Lakini kwa upande wa kutafuta habari ndani ya faili, asilimia 42 tu ya wenye walitumia sehemu ile walisema mara nyingi wanapata kile wanachotafuta. Na kutafuta, mnakumbuka ile barua ya Phoenix, ndiko kulikuwa mwanzo wa safari yote.

Sisi tulirudi kwa ile shule mwaka uliofuata, na aibu yetu, kuomba nafasi ya pili. Kabla ya kufungua ordinatere tuliketi na ekonome na wapokeaji wawili, tukaandika kwa karatasi moja mistari saba. Wa tatu unasema: wapokeaji watatu pamoja, muda wa saa moja. Wa nne: tunakata umeme kwa makusudi katikati ya malipo, na hakuna hata franga moja inapotea. Ekonome alisoma polepole, akachukua ile kalamu yake ya bleu, akaongeza wa nane kwa mkono wake: mama mwenye hajui Kifaransa asome karatasi ya malipo na aelewe deni lake bila kuuliza mtu.

Mstari ule ulitukula majuma mawili. Programu inatembea mpaka leo. Daftari pia liko, ndani ya kabati, anasema haliondoe.